Ulimi Mbele ya Mama Mkwe

Kolwezi nzima, ukiwa na mota ya pampu iliyoungua mpaka inanuka, mtu wa kwanza utakayemuuliza njia atakuonyesha atelye yangu. Sijisifu, uliza tu. Wazungu wananiletea, Wachina wananiletea, na wale vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono wananiletea pampu zao zikiwa bado zinachuruzika tope. Kazi yangu ni bobinaji: natoa waya wa shaba ulioungua ndani ya mota, nasokota mwingine mpya mahali pake, mzunguko kwa mzunguko, bila kukosea hata mmoja. Nilijifunza kwa fundi mmoja pale Tenke, karibu na reli, ambaye alinifundisha kwa kunipiga kofi kila nilipohesabu vibaya. Shule niliiacha darasa la tano. Leo mafundi wawili wenye diploma kubwa kubwa wananiita patron, na mmoja wao amevaa miwani.

Nayasema haya ili mjue kwamba neno moja la Kiingereza lilipokuja kunishinda, halikumshinda mtu mjinga.

Binti yangu wa kwanza alisoma miaka minne ng'ambo ya mpaka, Ndola, kazi ya kuwalalisha wagonjwa kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha wakimaliza. Kwa Kifaransa kazi hiyo nilikuwa naitaja vizuri sana. Niliitaja sokoni, niliitaja kanisani, niliitaja hata kwa watu walioniletea mota tu na hawakuuliza habari ya watoto wangu. Halafu siku moja akanipigia simu.

"Papa, tumemaliza," akasema. "Kisha batatupa madiploma, kutakuwa chakula ya mchana. Kila famili itachagula muntu mumoja. Atasimama, ataita jina ya mutoto, na atasema kazi yenye mutoto alisomea. Ni vile tu."

"Uyo muntu mumoja ni miye," nikasema.

Akashusha sauti. Namjua, huwa haishushi bure.

"Kazi bataisema mu Kingereza, papa. Sawa vile iko ku diploma."

"Sema nisikie."

Akasema: anaesthetist. Likapita kama panya chini ya mlango.

"Rudilia."

Akarudia polepole. Nikakohoa, nikashika kiuno, nikasema kwa sauti ya patron: "Anesitezisiti."

Nyuma yake nikasikia wasichana wenzake wakianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisema, "Papa, iko karibu," na kwa namna alivyoisema hiyo karibu, nikajua iko mbali kama Dilolo kwa miguu.

Kama jambo lingekuwa langu peke yangu, ningelala usingizi. Lakini kulikuwa na shemeji. Mimi ni Muluba wa kaskazini, na kwetu mtoto ni wa baba, na baba ndiye anayemsemea. Bibi yangu, mama wa mtoto, ni Mubemba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na siku ya jambo kubwa anayesimama ni kaka wa mama, mjomba. Kwa miaka ishirini na mitatu hatukugombana juu ya hilo, kwa sababu lilikuwa halijatokea jambo kubwa la kugombania. Sasa lilikuwa limetokea, na kaka wa bibi yangu, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari tangu ujana wake mpaka kustaafu.

Alikuja Jumapili, kabla hata sijavua viatu vya kanisani. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shemeji, nimeandika bintu kidogo," akasema.

"Bintu gani?"

"Ya Ndola. Si mi njo mujomba?"

"Na miye ni nani? Sentineli wa kulinda mulango?"

Bibi yangu akajibu kutoka jikoni, bila kuulizwa: "Weye ni shofere. Jeep ni yako."

Shemeji ni mtu mpole, na hilo ndilo linaloudhi. Hakupandisha sauti. Alikaa, akaiweka karatasi juu ya meza, akasema, "Tata, tusigombane. Taja kazi ya mutoto. Ukitaja muzuri, napasula hii karatasi pale pale."

Nikataja.

Akafunga macho kama mtu aliyeingiwa na sabuni. "Shemeji," akasema, "hapo umetaja magonjwa matatu na kijiji kimoja."

Bibi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia shemeji airudishe karatasi yake mfukoni lakini asiitupe, itamfaa kuwashia mkaa, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki tano, na mimi katika wiki tano nimewahi kufufua mashine ambazo wenye nazo walikuwa wamekwisha kuziombolezea.

Lakini usiku ule sikutania tena. Nilimwaza mtoto amekaa kwenye kiti chake mbele ya wenzake, jina lake likiitwa na mtu mwingine, na mimi, baba, nikiwa nimekaa na funguo za gari mkononi. Nilimlea mtoto huyo kwa vidole hivi vilivyojaa makovu ya waya. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu amekuwa nani. Hilo tu. Si mengi, ukilinganisha na vitu ambavyo nimewahi kuvitaka na nikavipata.

Nikamwomba anitumie sauti yake kwenye simu, akilitaja neno mara kumi. Nikaiweka simu juu ya meza ya kazi, ikawa inasema kutwa nzima katikati ya mavumbi na harufu ya vanishi. Matokeo yake, mafundi wangu walilijua kabla yangu. Yule wa miwani alilitamka siku ya pili, amebana bisibisi kwenye meno, vizuri kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Nikamtuma akaoshe jeep. Ilikuwa safi, lakini nikamtuma.

Siku ya nne ndipo nikapata akili. Nilijiambia: wewe bwana, mota ikija imeungua, unafanya nini? Unaanza kusokota tu? Hapana. Unaikata, unautoa waya wa zamani polepole, unahesabu mizunguko, unaandika. Asiyehesabu kabla ya kutupa hatajenga tena mota hiyo. Basi nikachukua katoni na chaki, nikalifungua neno lile kama mota. Sauti ya mtoto ilikuwa na mizunguko minne. Nikahesabu tena, minne. Halafu nikajitamkia mwenyewe na kuhesabu kwa vidole: saba! Nilikuwa nimeongeza mitatu ambayo haikuwamo. Mota ukiizidishia mizunguko inanguruma tu bila nguvu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi, kunguruma.

Nilikata mmoja kila baada ya siku mbili tatu. Wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa na minne, sawasawa na ya mtoto, na niliwalipia mafundi wote soda bila kuwaambia sababu. Walijua.

Ila mzunguko wa tatu haukukaa. Pale katikati pana sauti ambayo si s, si t, si z, na kila nilipoikaribia ilitoka moja ya hizo tatu kunicheka. Simu haikuweza kunisaidia, kwa maana simu haina meno. Nilihitaji mtu wa kunionyesha kwa kinywa. Na katika Kolwezi yote nilimjua mmoja tu, na karatasi yake ilikuwa bado mfukoni.

Nilimwendea. Ndiyo, mimi. Nilimkuta nyumbani kwake, anakoishi na mama yake, yaani mama mkwe wangu. Nikajifanya nimepita kuangalia friji yao.

"Friji inakamata baridi muzuri," akasema shemeji.

"Naona."

"Shemeji, ni ule mulio wa katikati?"

Nikaangalia friji. "Ni ule," nikasema.

Jambo moja nitamsifia mpaka nife: mwalimu ni mwalimu. Ukimpelekea usichokijua, anasahau kwamba mnagombana. Aliondoa karatasi zake juu ya kiti, akanikalisha, akaanza kunieleza kwamba ulimi unatoka kidogo katikati ya meno, kisha unapuliza. Hapo tukatazamana.

Msomaji wa mbali pengine haelewi. Kwetu na kwao, katika hilo tunafanana: humtolei ulimi mtu wa upande wa mke wako. Shemeji, baba mkwe, na zaidi ya wote mama mkwe. Ni tusi kubwa kupita la kumtukana kwa maneno, na lina faini yake.

"Sasa tutafanya aje?" nikauliza.

Alifikiri kama mtu anayetafuta jibu la mtihani. Halafu akakigeuza kiti chake, akanipa mgongo. Nikakigeuza na changu. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akitazama upande wake.

"Tosha ulimi!" akaamuru.

"Nimetosha!"

"Hapana, shemeji, nasikia haijatoka. Tosha yote, usiiurumie!"

"Hii hapa!"

"Puliza!"

Nikapuliza. Sauti ikaja! Nilihisi ikipita juu ya ulimi, laini kama waya mpya. Nikautoa ulimi zaidi, nikakodoa macho, nikapuliza kwa nguvu zote za mtu aliyeshinda.

Niwaambie sasa kwamba upande wangu ndio uliokuwa na mlango.

Mama mkwe wangu alikuwa ameingia na beseni la sombe, majani ya muhogo. Mwanamke huyo, kwa miaka ishirini na mitatu, kwa heshima ya ukwe nilikuwa sijawahi kula mbele yake, sijawahi kupita njia moja naye, nikimwona mbali naingia hata kwenye duka nisilolihitaji. Akaniona nimemwelekezea ulimi wote, macho yamenitoka, napuliza kama nyoka. Akaniangalia. Mimi, kwa mshtuko, nikasahau kuurudisha ndani. Akageuka na beseni lake, akaenda kukaa uani, akaupa mlango mgongo.

"Muzuri sana!" akasema shemeji nyuma yangu, hajaona kitu. "Tena!"

Kesho yake niliitwa. Kesi ya namna hiyo ina utaratibu wake. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa ukuta, jikoni. Mimi nilikaa sebuleni, nimetazama chini. Bibi yangu alisimama mlangoni kati yetu kubeba maneno, ingawa ukuta ule ni wa tofali moja na tulikuwa tunasikiana hadi kupumua.

"Uliza mukwe wangu," mama mkwe akaanza, "ile ulimi ya jana ilikuwa inamwambia nani?"

"Anauliza ile ulimi ilikuwa inamwambia nani," bibi yangu akasema, mdomo umemkaza asicheke.

"Mwambie mama, haikumwambia muntu. Ilikuwa ya Kingereza."

"Anasema ni ya Kingereza."

Upande wa pili nikasikia sauti ya mtu anayechambua majani. "Kingereza njo inatoshaka ulimi vile?"

Shemeji, aliyekuwa amekaa pembeni yangu kama mshtakiwa wa pili, akasema, "Ni kweli, mama. Ni mi nilimufundisha."

Hapo ikabidi yote yaelezwe: Ndola, chakula cha mchana, neno, karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kwanza faini yake, kuku mmoja. Nikasema nitaleta wawili, kwa kuwa mimi si mtu wa kuku mmoja. Akasema haya, wawili. Halafu akamgeukia mwanawe, na safari hii hakupitia kwa mtu.

"Weye, Kingereza unakijua tangu lini?"

"Tangu kijana, mama."

"Ilikuombaka nini, kukijua?"

"Kusoma tu, mama."

"Uyu bwana amejiaibisha mbele yangu juu ya neno moja, juu ya mutoto wetu. Basi aseme sasa. Kama anaweza, atasimama yeye. Na weye utakuwa pale kama mujomba, lakini utanyamaza. Umesikia? Utanyamaza."

Nilisimama. Nilielekea ukuta, mbali na mlango kabisa, nisije nikaongeza kuku wa tatu. Nikahesabu mizunguko minne kwa vidole. Nikalisema.

Jikoni majani yakaacha kuchambuliwa. "Sijui kama ni muzuri," mama mkwe akasema. "Lakini ni murefu."

Wote tukamwangalia shemeji. Angeweza kusema hapana. Ni nani angemkatalia? Alitoa karatasi mfukoni, akaipasua mara mbili, akasema, "Ni muzuri, mama. Hata wanafunzi wangu wengi hawakulifikisha pale."

Ndola tulikwenda kwa siku mbili na bibi yangu na shemeji, mimi nikiendesha, na njia nzima sikuongea sana, nikitunza kinywa. Ukumbi ulijaa wazazi. Walisimama mmoja mmoja. Zamu yetu ilipofika nilisimama na suti yangu ya kijivu, nikaliita jina la mtoto, nikataja kazi yake, mizunguko minne, bila wa ziada. Watu wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na kati ya vidole niliona jicho moja likinitazama. Nimewahi kupata vitu vingi katika maisha, na nikitaka nitavitaja, lakini jicho lile sina la kulilinganisha nalo.

Nilipokaa, akaja mama mmoja mrefu, daktari, na sahani yake mkononi. Kumbe alikuwa mkubwa wa hospitali ambako mtoto alikuwa amefanya mazoezi. Alinishika mkono akaanza kunisemesha Kiingereza, na kwa jinsi alivyosikia nikitaja lile neno, hakuona haja ya kwenda polepole. Nitasema ukweli: sikushika hata kimoja. Lakini mtu aliyesifiwa na ukumbi mzima hawezi dakika ile ile kusema sijui. Alipotua kidogo, nikasema yes. Akaendelea, akanionyesha mtoto, akauliza kitu. Nikasema yes kwa kichwa na kwa mdomo. Mara ya tatu aliuliza kwa uso wa upole sana, kama mtu anayeomba. Nikaweka mkono kifuani, nikasema yes ya mwisho, nzito, ya baba. Akanishika mikono yote miwili. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, paja la kuku mkononi, anatafuna, anaangalia dari.

Tukiwa tunaelekea kwenye gari, binti yangu akanirukia shingoni.

"Papa, merci! Merci mingi!"

"Merci ya nini?"

"Ya kukubali nibakie huku, ku hospitali ya daktari. Ile miaka mbili. Niliogopa kukuambia, nikamuomba daktari akuulize yeye."

Nilikuwa nimemjengea chumba. Kipya, cha mabati ya rangi, chenye mlango wake wa nje, maana mtu wa kazi ya usiku anahitaji kuingia bila kuamsha nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na hospitali moja ya Kolwezi. Nilitaka kumwambia hayo yote.

Nikamgeukia shemeji. "Ulisikia?"

"Yote."

"Na ukanyamaza?"

"Mama aliniambia ninyamaze, tata. Musemaji ni weye." Akafuta vidole kwa leso. Halafu, kwa sauti ya chini, "Ningekusaidia, shemeji. Lakini nilimuangalia mutoto."

Nami nikamwangalia. Alikuwa bado ananing'inia mkononi mwangu, anasubiri, kicheko kimesimama nusu, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa kwamba sikuelewa. Bibi yangu alikuwa ameelewa tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Ningeweza kurudi ukumbini nikazifute zile yes zangu. Yule daktari alikuwa bado anakula.

"Unafikiri papa yako anasemaka yes bila kujua?" nikamwambia. "Miaka mbili ni kitu gani. Mi nilimuambia na daktari, nilimuambia muzuri."

"Ulimuambia nini, papa?"

"Panda gari, tukutafutie masufuria ya nyumba yako."

Katika chumba kile sasa analala fundi wangu wa miwani, kwa muda. Watu wa Kolwezi wakiniuliza mbona mtoto hajarudi, nawaambia kwamba nilimruhusu mimi mwenyewe, kwa Kiingereza, mbele ya daktari mkubwa, na kwamba mjomba wake alikuwepo na hakuwa na la kuongeza.